Skripti imehamia Python, hesabu imebaki wapi?

Ofisi nyingi za Dar es Salaam, kuanzia maduka ya jumla ya Kariakoo hadi shule, zahanati na SACCOS za Tabata na Mbagala, zinaendeshwa na skripti za PHP (programu fupi za lugha ya kutengenezea tovuti) zilizoandikwa miaka kumi au kumi na tano iliyopita. Aliyeziandika mara nyingi alikuwa mwanafunzi wa fildi, au kijana aliyepewa kazi kwa makubaliano ya mdomo, na siku hizi hapatikani. Mfumo umeendelea kupiga kazi. Mhasibu anaingiza marejesho ya mikopo, mwalimu anaingiza alama, mwisho wa mwezi ripoti inatoka. Kisha siku moja kampuni inayohifadhi tovuti inapandisha toleo la PHP kwenye seva zake, ukurasa unakuwa mweupe, simu zinaanza kuita. Anaitwa fundi mpya. Anaupitia msimbo, anatikisa kichwa, halafu anasema maneno ambayo wenye mifumo wengi mjini hapa wameshayasikia: huu hautengenezeki, tuuandike upya kwa Python, au kwa Node inayotumia lugha ya JavaScript, miezi mitatu kazi imekwisha.

Bei ya ofa kama hiyo, kwa maoni yangu, huwa imewekwa mahali pasipostahili. Mteja anatozwa kazi ya kuandika. Kazi ya kuthibitisha kwamba mfumo mpya unatoa majibu yaleyale ya mfumo wa zamani ama haitajwi kabisa, ama inapewa mstari mmoja chini ya ukurasa: majaribio, wiki moja. Mpangilio huo ugeuzwe. Kuandika ndiyo sehemu nyepesi, na kila mwaka inazidi kuwa nyepesi. Uthibitisho ndio kazi yenyewe, na mteja asiyeulipia mwanzoni ataulipia baadaye kwa vitabu vya hesabu visivyolingana.

Sababu za kuhama zipo, tena nzito. PHP 5.6, toleo la mwisho la kizazi cha tano, liliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Amri zote za kuwasiliana na hifadhidata zinazoanza na mysql_, ambazo kizazi kizima cha watengenezaji wa tovuti kilijifunzia, ziliondolewa katika PHP 7 iliyotoka Desemba 2015. Kwa waliobaki na ASP ya zamani, teknolojia ya tovuti ya Microsoft, hali ni ngumu zaidi, maana Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript, lugha ambayo ASP huandikwa nayo kwa kawaida, itaondolewa hatua kwa hatua kwenye Windows. Mfumo unaoshika fedha za wanachama au mafaili ya wagonjwa haupaswi kukaa kwenye programu ambayo mashimo yake yanajulikana na hakuna wa kuyaziba. Isitoshe, vijana wengi wanaomaliza vyuo leo wanakuja wakiwa na Python na JavaScript mikononi, na mfumo usio na mtu wa kuutunza ni hatari hata kama leo unafanya kazi. Kwa hiyo sibishi kuhama. Nabishia namna tunavyohama.

Kugeuza sintaksia (kanuni za uandishi) ya lugha moja kuwa ya nyingine kulirahisishwa zamani. Kulikuwa na programu iliyoitwa asp2php, iliyosoma skripti za ASP na kutoa PHP. Python yenyewe ilipovuka kutoka toleo la 2 kwenda la 3 ilikuja na chombo kiitwacho 2to3, kilichokuwa kikibadilisha maelfu ya mistari kwa sekunde chache. Hata hivyo Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Miaka kumi na moja, ndani ya lugha moja, na chombo cha kugeuza kipo! Kilichochelewesha watu hakikuwa sura ya msimbo. Lilikuwa ni suala la maana zake. Katika Python 2, saba gawanya kwa mbili ilitoa 3. Katika Python 3 inatoa 3.5. Mstari haukubadilika hata herufi moja, jibu likabadilika, na chombo hakikuwa na njia ya kujua mwandishi alikusudia lipi.

Leo akili mnemba imechukua nafasi ya vyombo hivyo. Unaipa faili la PHP la mistari mia sita, muda si mrefu unapata Python safi, yenye majina mazuri na maelezo pembeni. Ni msaada wa kweli na siupondi. Lakini msimbo wa zamani uliokaa vibaya ulikuwa unamfanya msomaji awe macho. Huu mpya unasomeka vizuri kiasi kwamba jicho linalegea, na kosa likiwemo limevaa nguo safi.

Tuchukue shule moja ya sekondari, mfumo wake wa matokeo ukiwa wa PHP. Fomu ya kuingiza alama hutuma kila kitu kama maandishi: alama ya hamsini inafika kwenye seva ikiwa "50", sifuri inafika ikiwa "0", na kisanduku kilichoachwa wazi kinafika kikiwa maandishi matupu. Mwandishi wa skripti alitaka kujua nani hakufanya mtihani, akaweka sharti fupi: kama alama haipo, mwandike mwanafunzi kuwa hakufanya. Katika PHP, maandishi "0" yanahesabika kuwa hayapo, sawa na maandishi matupu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepata sifuri halali anaandikwa hakufanya. Ni hitilafu, ndiyo. Lakini mfumo umetumika miaka, na watu wameishi nayo. Mwalimu wa taaluma aligundua kwamba ukiandika sifuri mbili, "00", mfumo unamkubali mwanafunzi kuwa amefanya na amepata sifuri, kwa sababu PHP inaona "00" kuwa ni maandishi yaliyopo. Ikawa desturi ya ofisi: asiyefanya andika 0, aliyepata sifuri andika 00. Kila mwalimu mgeni anaambiwa siku ya kwanza. Hakuna popote ilipoandikwa.

Sasa skripti ile inageuzwa kuwa Python, mstari kwa mstari, kwa uaminifu wote. Sharti ni lilelile: kama alama haipo. Ila katika Python maandishi "0" yapo. Yaliyo matupu tu ndiyo hayapo. JavaScript nayo ni hivyohivyo. Darasa lina wanafunzi 45, watano hawakufanya mtihani, na mwalimu, kwa desturi yake, amewaandikia 0. Mfumo wa zamani ulijumlisha alama 2,000 na kugawa kwa 40, wastani ukawa 50. Mfumo mpya unagawa kwa 45, wastani unakuwa 44.4. Hakuna ujumbe wa hitilafu wala ukurasa mweupe. Kuna mwalimu wa somo tu anayeitwa na mkuu wa shule kueleza kwa nini darasa lake limeshuka, na kuna wanafunzi watano, mmoja wao pengine alikuwa amelazwa Amana wiki ile, ambao ripoti zao zinasema walikaa kwenye mtihani wakapata sifuri.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu unaonyesha mahali kanuni za mfumo zinapoishi hasa. Nusu iko kwenye msimbo. Nusu nyingine iko kwenye vidole vya watumiaji waliojifunza kuuzunguka msimbo huo. Anayegeuza faili peke yake, awe mtu au mashine, anahamisha nusu.

Upande wa fedha mitego ni mingi zaidi, nami nitataja michache. Katika PHP, ukijumlisha "5000" na "300" zilizotoka kwenye fomu kwa alama ya kujumlisha, unapata 5300. Katika JavaScript alama hiyohiyo inaunganisha maandishi, nawe unapata 5000300. Mwanachama aliyeweka akiba ya elfu tano na ada ya mia tatu anajikuta na milioni tano na mia tatu. Hili angalau linaonekana mapema. Kuzungusha desimali ndiko kunakouma kimyakimya. Chukua kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia 18, kiwango ambacho Tanzania Bara imekitumia kwa miaka mingi. Bidhaa ya shilingi 1,025 ina kodi ya 184.5. Amri ya round ya PHP inatoa 185. Amri yenye jina hilohilo katika Python 3 inatoa 184, kwa sababu Python nusu kamili inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. VBScript nayo hufanya kama Python. Sasa jaribu bidhaa ya shilingi 1,075: kodi ni 193.5, na lugha zote zinakupa 194. Fundi aliyejaribu kwa bei hii ya pili ataapa kwamba mifumo inalingana. Shilingi moja kwenye risiti haimshtui mtu, lakini duka la jumla linalotoa risiti kutwa nzima litafika mwisho wa mwezi na jumla mbili tofauti, na mhasibu atakesha akiitafuta tofauti ambayo haiko kwenye miamala yake.

Namba za utambulisho nazo zina mtego wa aina yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianzia na mwaka. Python inaweza kushika namba nzima ya ukubwa wowote bila kupoteza kitu, hivyo skripti ya Python iliyoigeuza namba ya NIDA kuwa namba halisi itaishi miaka bila matatizo. Ipeleke JavaScript. Namba za kawaida za JavaScript zina uhakika hadi 9,007,199,254,740,991, ambayo ni tarakimu 16. Kwenye ukubwa wa tarakimu 20 zinazoanza na 19 au 20, lugha hiyo inaruka kwa hatua za 4,096. Kwa hiyo watu wawili ambao namba zao zinatofautiana kwenye tarakimu mbili au tatu za mwisho wanaweza kuwa mtu mmoja, na hakuna kitakachopiga kelele. Dawa yake ni rahisi ukiijua: namba ambayo hutaijumlisha wala kuigawa ihifadhiwe kama maandishi. Namba za simu ni hivyohivyo. Sifuri ya mbele ya 07 ikianguka, ujumbe wa mteja haufiki.

Halafu saa. Mifumo mingi ya zamani ya PHP hapa mjini iliwekewa saa za Dar es Salaam kwenye seva, na kila kitu kikahesabiwa kwa saa hizo. Mifumo ya Node mara nyingi huandikwa ili ihifadhi muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ni utaratibu mzuri, ila ripoti ya siku isipobadilishwa kurudi kwenye saa zetu, kila mauzo yaliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yanahesabiwa siku ya jana. Duka la dawa linalokesha pale Sinza linauza dawa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Kwenye hifadhidata mpya ni tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na taasisi nyingi hufuata kalenda hiyo, kwa hiyo mauzo hayo hayajaruka siku tu, yameruka mwaka. Kosa hili halitaonekana kwenye majaribio ya mchana.

Kuna tofauti nyingine iliyo ya ndani zaidi, inayohusu namna programu inavyoishi. Skripti ya PHP kwa kawaida huzaliwa ombi la mtumiaji linapofika na kufa jibu linapotoka. Chochote ilichokumbuka kinafutika. Programu ya Node inaishi muda mrefu na kuhudumia watu wengi ikiwa ileile. Kwa hiyo kigeu cha jumla (mahali pa kuhifadhi thamani panapoonekana na programu nzima) kilichoshika jina la mtumiaji wa sasa, ambacho ndani ya PHP hakikuwa na madhara, ndani ya Node kinaweza kubaki na jina la aliyetangulia, na mteja wa Temeke akafunguliwa salio la mteja wa Tegeta. Vilevile PHP husubiri hifadhidata ijibu kabla ya kwenda mstari unaofuata. Katika Node, kazi ya namna hiyo hurudisha kwanza ahadi ya jibu, na mwandishi lazima aseme await ili asubiri jibu lenyewe. Fikiria sharti linalosema: kama malipo yamethibitishwa, toa mzigo. Neno await likisahaulika, kinachopimwa ni ile ahadi, na ahadi siku zote huhesabika kuwa ndiyo. Kila mteja anapita, aliyelipa na asiyelipa. Ukiwa unajaribu kwa malipo yaliyofanikiwa tu, mfumo utaonekana hauna kasoro.

Wapo watakaosema basi tubaki na PHP, tupandishe toleo tu. Mara nyingi ndio ushauri wangu wa kwanza, hasa kwa taasisi ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya msimbo inabaki ilivyo na gharama inakuwa nafuu. Lakini nako ni kuhama. Hadi PHP 7, maandishi matupu yakilinganishwa na sifuri kwa alama mbili za usawa jibu lilikuwa ni sawa. Tangu PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, jibu ni si sawa. Shule yetu ya mfano ingeweza kuumia bila kugusa Python hata kidogo. Uthibitisho unahitajika kote kuwili.

Uthibitisho wenyewe unafanywaje? Sikubali orodha ya majaribio iliyotungwa na fundi mezani kwake, kwa sababu atajaribu yale aliyoyawaza, na madhara yanatoka kwenye yale ambayo hakuna aliyeyawaza. Nyenzo bora ni kazi halisi iliyokwishapita. Mfumo wa zamani unaendelea kuhudumia wateja kama kawaida. Kila ombi linaloingia linanakiliwa pamoja na jibu lililotolewa. Baadaye maombi hayo yanapelekwa kwenye mfumo mpya, wenye nakala ya hifadhidata ya wakati uleule, na majibu yanalinganishwa na kompyuta, senti kwa senti, herufi kwa herufi. Kila tofauti inaandikwa, na mtu mmoja anaamua: hii ni hitilafu ya mfumo mpya, au hii ni hitilafu ya zamani tunayoiacha kwa makusudi. Mtu huyo asiwe fundi. Awe mhasibu, mwalimu wa taaluma, mama wa masjala, yule anayejua kwa nini 00 si sawa na 0. Saa zake za kazi hiyo ziingie kwenye bajeti, maana ndiye mwenye ile nusu ya kanuni isiyokuwa kwenye msimbo.

Ulinganisho wa mwezi mmoja haushiki mambo ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo maombi ya kipindi cha kufunga hesabu yatengenezwe kutoka kwenye kumbukumbu za mwaka uliopita na kupitishwa nayo.

Data iliyopo pia inastahili kukaguliwa kabla haijaguswa, na hapa majina yetu yana habari ya kueleza. PHP ya zamani ilikuwa na kitu kilichoitwa magic_quotes, kilichoweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila alama ya king'ong'o (') iliyotoka kwenye fomu, ili isivunje amri ya hifadhidata. Kiliondolewa katika PHP 5.4, mwaka 2012. Skripti zilizokitegemea hazikuwa na ulinzi mwingine. Ukizigeuza kwenda lugha yoyote huku ukiendelea kuunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri, mteja wa kwanza mwenye jina la ukoo linaloanza na Ng', na Kanda ya Ziwa wapo wengi, atafanya mfumo ushindwe kumsajili. Mtu mwenye nia mbaya atatumia mwanya huohuo kusoma au kufuta hifadhidata nzima. Kwa upande mwingine, majina yaliyosajiliwa zamani yanaweza kuwa yamehifadhiwa na mkwaju ndani yake, na mfumo mpya utayachapa hivyo kwenye vyeti. Tumia amri zilizoandaliwa, ambazo hutenganisha amri na thamani, kisha safisha majina yaliyokwisha kuharibika.

Kuhama kwenyewe kufanyike ukurasa kwa ukurasa. Unaweka Nginx, programu ya seva, mbele, inapokea maombi yote, kisha inapeleka ukurasa uliokwisha kuthibitishwa kwenye mfumo mpya na mengine yote kwenye mfumo wa zamani. Anza na ripoti zisizobadilisha kitu. Malizia na zinazogusa fedha. Kikwazo utakachokutana nacho mapema ni kuingia kwenye mfumo: PHP huhifadhi sesheni (kumbukumbu ya nani ameingia) kwa muundo wake yenyewe, kwa kawaida kwenye mafaili, na Python haiusomi bila kusaidiwa. Usipoliandalia hilo, watumiaji watadaiwa neno la siri kila wanapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, nao watauchukia mfumo mpya kabla hawajauona. Sesheni zihamishiwe kwenye hifadhidata kwa muundo ambao pande zote zinausoma.

Njia hii ni ya taratibu, na najua inavyomkera mkurugenzi aliyeahidiwa miezi mitatu. Ila wanaochagua kuandika kila kitu upya kwa mkupuo wana historia ya kutazama. Netscape iliyokuwa inaongoza kwa vivinjari iliamua mwaka 1998 kuanza upya. Toleo la 5 halikuwahi kutoka. La 6 lilikuja Novemba 2000, na kipindi hicho chote Microsoft ilikuwa ikiwachukua watumiaji. Facebook, nayo ikiwa na PHP iliyoizidi nguvu, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2010 ilitangaza HipHop, programu iliyogeuza PHP yao kuwa lugha ya C++ kwa mashine, huku wahandisi wakiendelea kuandika PHP kama kawaida. Baadaye wakajenga mashine ya kuendesha PHP, na mwaka 2014 wakatoa lugha ya Hack, iliyoweza kuishi pamoja na PHP na kuchukua nafasi yake faili kwa faili. Kampuni yenye wahandisi wa kutosha kuandika upya chochote ilichagua kutofanya hivyo. SACCOS yenye fundi mmoja wa mkataba ina sababu zaidi ya kuiga.

Nakubali kuna skripti ambazo mjadala huu wote ni mkubwa kuliko zenyewe. Fomu ya mawasiliano, ukurasa wa matangazo, kitu cha mistari mia moja kisichoshika fedha wala historia: kiandike upya leo jioni. Kipimo changu ni swali moja tu, kwamba jibu likitoka tofauti kidogo, kuna mtu atakayeumia?

Kabla ya kusaini mkataba, basi, mwenye mfumo aweke mambo yake sawa. Awe na msimbo wote wa zamani mkononi mwake, na nakala kamili ya hifadhidata iliyojaribiwa kurejeshwa, kabla fundi yeyote hajapewa neno la siri la seva. Maombi halisi yatakayotumika kwenye ulinganisho yana taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa yeye kabla haijamgusa fundi. Kwa hiyo ulinganisho ufanyike kwenye seva anayoisimamia mwenyewe, na mafaili yanayopelekwa kwenye akili mnemba yawe ya msimbo mtupu, bila majina, bila namba za NIDA, na bila maneno ya siri ya hifadhidata ambayo skripti za zamani hupenda kuyaweka mstari wa tatu wa faili.

Malipo yagawanywe kwa kurasa zilizothibitishwa: ukurasa ukilinganishwa na tofauti zake zote zikaamuliwa na kusainiwa, unalipwa. Sehemu ya mwisho ya fedha, na iwe sehemu ya kuhisiwa mfukoni, ibaki hadi mfumo mpya umefunga mwaka mmoja wa hesabu. Muda wote huo mfumo wa zamani usifutwe. Uondolewe kwenye intaneti, uwekwe kwenye kompyuta ya ndani, uwezo wa kuandika uzimwe, wa kusoma uachwe. Mkaguzi akiuliza salio la mwanachama fulani la tarehe 30 Juni lilipatikanaje, mhasibu alifungue hapo na kumwonyesha.